Mazoezi Yaliyosimamisha Winchi

Wifi yangu ni dereva wa winchi. Nalisema mapema kabisa, maana watu wakilisikia husubiri nicheke halafu niwaambie kazi yake ya kweli. Sicheki. Ile minara ya chuma inayosimama kwenye majengo yanayojengwa, yenye mkono mrefu unaobeba nondo na matofali angani, juu kabisa ina kibanda cha vioo, na ndani ya kibanda anakaa mtu. Kwenye saiti ya ng'ambo ya barabara yetu, mtu huyo alikuwa yeye. Kaka yangu alimpenda akiwa chini, shingo imepinda kwa kumtazama, na mpaka leo akitaka kumwambia jambo la maana hunyanyua kidevu kidogo, utadhani mkewe bado yuko juu.

Basi akapata mimba. Aliendelea kupanda mpaka daktari akasema yatosha, akashuka, akatuletea mtoto wa kiume mwenye mashavu ya kushika kwa mikono miwili na sauti ya kuhutubia uwanja. Tulimwita Mheshimiwa, kwa sababu tangu aingie nyumbani hakuna aliyekaa chini ila kwa ruhusa yake. Tunaishi jengo moja: kaka, mkewe na Mheshimiwa ghorofa ya kwanza, mimi na mama chini yao. Hapo chini ndipo ninapowekea cherehani yangu, maana mimi ni fundi wa nguo za kike. Kwa hiyo likitokea lolote huko juu, mimi ninalo kabla halijapoa.

Sasa, Mheshimiwa alizaliwa mzima, furaha tele, hilo sina neno. Shida ilikuwa mama yangu. Mama akimwona mwanamke ananyonyesha, anaona shimo linalotaka kujazwa. Supu asubuhi, supu mchana, katikati mkate wenye siagi ya kuzama kidole, na maziwa ya kusindikizia. "Kula mwanangu," anamwambia, "maziwa ya mtoto hayatoki hewani." Na mkwe akikuwekea sahani mbele yako utafanyaje, umgeuzie mgongo? Wifi akala kwa adabu, akala kwa njaa, mwishowe akawa anakula kwa sababu tu kijiko kiko mkononi.

Likizo yake ilipoanza kuelekea ukingoni, fomeni wake akaja kumpongeza. Ni baba wa makamo, mpole, ana tumbo linalofika mahali kabla yake. Alileta pakiti ya nepi, akambeba Mheshimiwa, akakojolewa shati, akasema si kitu. Halafu akakaa vizuri na kusema lililomleta. Dereva akitoka likizo ndefu, hapewi kibanda hivi hivi. Lazima avae mkanda wa usalama, apande ngazi ya ndani ya mnara mwenyewe, toka chini mpaka juu, na fomeni asimame chini amwangalie. Akifika, kibanda ni chake. Asipofika, anayemshikia nafasi anakirithi moja kwa moja.

"Lakini usijitie presha, mama," fomeni alisema, macho yanazunguka zunguka yasitue tumboni kwake. "Stoo kuna nafasi. Utakaa kivulini unagawa kofia na glavu. Na mtoto atakuwa karibu."

Alisema kwa wema, na hapo ndipo ilipouma. Mtu akikutukana unamjibu. Mtu akikuhurumia unamwambia nini? Wifi alimwambia asante, akamsindikiza, akafunga mlango taratibu, akaenda kabatini kuutoa mkanda wake. Ule mkanda si wa suruali. Ni mikanda mizito inayopita mabegani na mapajani, halafu yote inakutana kiunoni kwa vichwa viwili vya chuma. Vichwa vile havikukutana. Wifi anavuta, mimi nasukuma tumbo, mama kamshika mabega kwa nyuma, Mheshimiwa kitandani anatuangalia kwa dharau. Tulivuta mpaka tukaanza kucheka, na kicheko kikatulegeza wote tukaangukia kitanda, pale pale wifi akageuka akawa analia.

"Wifi, stoo nitakufa," akaniambia.

"Huwezi kufa, kuna kiti."

"Nitakufa nimekaa."

Alikuwa hatanii. Alinieleza siku hiyo mambo ambayo hajawahi kuyasema. Kwamba huku chini kila mtu ana neno juu yake: kaa hivi, beba mtoto vile, kula, usile, lala, amka. Kule juu hakuna anayemwelekeza akae vipi. Anasogeza mkono mmoja tu, na furushi la nondo linalozidi uzito wa gari linamfuata kwa utii, linatua alipotaka litue. "Mimi kule juu nina akili," alisema. "Huku chini nina maziwa tu." Nilimhurumia sana wifi yangu.

Kesho yake akaanza mazoezi, na hapo vituko vikaanza.

Kwanza alijaribu kukimbia. Alitoka alfajiri, kajifunga mtandio kichwani, viatu vya kaka miguuni kwa sababu vyake vilikuwa vinambana. Hatukumaliza hata kutandika vitanda, karudi, kakumbatia mkate wa moto kutoka duka la mwokaji. Akasema ameukuta njiani. Kisha akaleta kamba ya kuruka. Nesi wa kliniki alikuwa amemwambia wazi kwamba mwili uliofanya kazi ile yote hauharakishwi, aanze na kutembea, kuruka kutakuja baadaye. Hakusikia. Alirukia humo humo sebuleni, juu ya kichwa changu, vumbi la dari likanidondokea kwenye shela la bibi harusi wa watu nililokuwa namalizia. Nikapanda juu nimefura kama andazi. Nilimkuta kasimama katikati ya sebule, kabana miguu, hasogei mbele wala nyuma, uso umemshuka. Kuna mambo mwanamke aliyezaa akirukaruka huyajua mwenyewe. Nikamsaidia mpaka bafuni, hasira zote zimeisha, nacheka mpaka nashika ukuta.

Baadaye akamfuata mwanamke fulani wa kwenye simu, mwembamba hana hata kivuli, anayepiga kelele "unaweza, unaweza". Sijui nani alimwambia tunaweza. Wifi alitandika mkeka, akajilaza chali tayari kuinuka na kulala, kuinuka na kulala. Akalala. Kaka alivyorudi alimkuta anakoroma, Mheshimiwa naye juu ya kifua chake anakoroma, na yule wa simu bado anawahimiza. Picha ninayo.

Kila lilipomshinda jambo moja alikaa siku kadhaa hataki hata kusikia neno mazoezi, na mama akaona mwanya wa supu. Ukweli ni kwamba ningesema ameshindwa, kama isingekuwa nepi.

Nepi zetu huanikwa juu ya paa, maana huko ndiko kwenye kamba na upepo. Ngazi ni nyingi na lifti hatujawahi kuwa nayo. Kwa muda wote ule mama ndiye aliyepanda, lakini siku hiyo goti lilimkataa, wifi akachukua beseni, akamfunga Mheshimiwa mgongoni, akapanda. Alipumzika kila penye kona. Nilimsikia toka chini anavyohema. Alipofika juu akatua beseni, akanyoosha mgongo, akatazama mbele, na huko mbele, karibu usawa wa macho yake, kikaonekana kibanda chake. Na ndani yake yupo yule anayemshikia.

Yule kijana saiti nzima wanamwita Taratibu. Si mtu mbaya. Ila akibeba matofali utadhani kabeba mayai ya watu. Mkono wa winchi unajongea, unasita, unafikiri, unajongea tena. Wifi alisimama pale anamtazama mpaka Mheshimiwa akachoka kutazama nepi. Alishuka kakunja uso.

"Anaidekeza ile winchi," akasema. "Nikirudi haitanisikiliza."

Kesho yake nikamwona anapanda tena na beseni. Keshokutwa tena. Mimi nikajiuliza, huyu mtoto anakojoa bahari? Nikainua kile kitambaa cha juu, nikakuta nepi mbili, na zote kavu. Kumbe anapandisha nepi zilizokauka, anazianika, anazianua, anashuka, anapanda tena na nyingine mbili. Nilimuuliza, mwenzangu, una akili timamu? Akasema bila beseni anajiona mjinga anayepanda ngazi bure, lakini akiwa na nepi ana safari. Na akifika juu anaona alikopoteza kitu chake. Basi hasira zinamshusha na hasira zinampandisha. Sijapata kusikia dawa ya unene ya namna hiyo, lakini ilimfaa.

Siku moja nilimfuata huko juu kwa ajili ya uzi wangu aliopotelea nao, nikamkuta anapumzika kwa kupunga mikono hewani. Nikadhani jua limemwingia kichwani. Akanieleza kwamba zile ni ishara za kazi. Dereva wa winchi hasikii vizuri kelele za chini, kwa hiyo yuko mtu pale chini anayemwongoza kwa mikono, na wifi kabla hajawa dereva alianza kwa kuwa mpiga ishara. Mkono juu, kidole kinazungusha: pandisha. Mkono chini, kidole kinazungusha: shusha. Mkono mmoja umenyooshwa pembeni: zungusha upande huu. Na mikono yote miwili imetanuliwa pembeni, inakwenda mbele na nyuma: simama hapo hapo.

"Nikifanya hizi nasahau kama nafanya mazoezi," akasema. "Mwili unakumbuka wenyewe."

Nikajaribu. Fanya wewe uone kama mabega hayajawaka moto. Siku ya pili nikapanda tena, nikasema nimefuata hewa. Siku iliyofuata mama akaja na goti lake, akasema amekuja kutuangalia, na mara akawa mstari wa mbele. Jirani zetu wawili wa ghorofa ya juu, mmoja mwalimu mstaafu na mwingine muuza maua, wakasikia vishindo na vicheko wakaja na kanga viunoni. Tukawa kundi. Kila asubuhi, Mheshimiwa akishashiba na kulazwa kwenye beseni la nepi kivulini, wifi anasimama mbele yetu anatoa amri kwa sauti ya saiti: "Pandisha. Pandisha. Nani kakuambia ushushe, mama? Zungusha. Polepole, una mzigo wa watu." Mwalimu mstaafu anazungusha kulia tukiwa kushoto. Muuza maua hajui kulia wala kushoto, anamfuata aliye mbele yake. Nilicheka asubuhi zile kuliko nilivyocheka miaka yangu yote ya ujana, na mbavu zangu zikajua habari yake.

Iliyopendwa zaidi ilikuwa ile ya simama. Mikono imetanuka, mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka inatetemeka. Mama aliigeuza mashindano. Wa kwanza kushusha mikono ndiye anayeanua nguo za wote. Basi tunasimama pale kama vichaa, mistari miwili, nguo zetu za rangi zote zinapepea, hakuna anayekubali kushusha.

Na mwili? Nikwambie ukweli, aliyepungua ni mama. Tumbo la mama liliondoka bila kuaga, ikabidi nimpunguzie magauni yote. Mwalimu mstaafu akapungua. Wifi akijipima mkanda, vile vichwa vya chuma vinasogeleana kwa kinyongo, vinakataa kushikana. Asubuhi moja aliutupa sakafuni.

"Huu mwili hauna shukrani," akasema. "Naacha."

Nikamwambia asinichoshe. "Mwanzo ulikuwa unapumzika kila kona. Leo umenisema mimi na cherehani yangu toka chini mpaka juu, na Mheshimiwa mgongoni, hukupumzika hata kumeza mate. Hilo halijaandikwa kwenye mkanda."

Akaokota mkanda, akanuna, akapanda. Alikuwa amebakiza wiki chache tu.

Wakati wote huo, ng'ambo ya barabara mambo yalikuwa yameharibika na sisi hatuna habari. Tuliona tu winchi inasimama asubuhi asubuhi, mzigo unaning'inia katikati ya anga, hauendi mbele haurudi. Wifi aliona raha. "Mnaona? Niliwaambia. Anafikiria." Chini tunaona wanaume wanakimbia huku na huku, fundi umeme anaitwa, anafungua visanduku vya nyaya, anakuna kichwa. Tunamaliza mazoezi, tunashuka, na winchi nayo inaanza kutembea. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza. Sisi watu wa kawaida tunasamehewa. Lakini yeye, dereva, mpiga ishara wa zamani, hakujiuliza, na hilo ndilo linalonichekesha mpaka leo.

Asubuhi hiyo tulikuwa kwenye simama, mikono inatetemeka, mama anatutukana kwa upole tusishushe, mara mlango wa paa ukasukumwa. Fomeni. Kapanda ngazi zote zile kwa miguu yake na tumbo lake. Alijaribu kusema, hewa ikamkatalia. Akanyanyua kidole, akakishusha. Akashika magoti. Muuza maua akamletea kiti cha kufulia, akakaa, tukamsubiri.

"Nyinyi," akasema mwishowe. "Ndio nyinyi."

Ilikuwa hivi. Winchini kuna sheria moja isiyo na mjadala: dereva hufuata ishara za mtu wake mmoja tu, lakini ishara ya kusimama akipewa na mtu yeyote, hata mpita njia, anasimama. Huwezi kujua kaona hatari gani. Taratibu kila asubuhi alikuwa anainua macho, anaona juu ya paa la jirani watu wazima wamejipanga wanampigia simama kwa nguvu zao zote, dakika baada ya dakika. Akasimama. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Alimwambia mtu wake wa chini kwa redio, "Nimesimamishwa." Yule anajibu, "Sijakusimamisha." Wakagombana siku hizo zote, kila mmoja akimwona mwenzake kalewa, na fomeni akalaumu nyaya. Mpaka asubuhi hiyo fomeni alipopanda mwenyewe kwenye jukwaa la mafundi, akatazama kidole cha Taratibu kinakoelekea, akamwona mama yangu.

Tulicheka. Mungu atusamehe, tulicheka mpaka mwalimu mstaafu akaketi sakafuni. Kisha nikaona wifi hacheki, na fomeni hacheki.

"Umemsimamisha mwenzio kwa makusudi," fomeni akamwambia. "Aonekane hafai, wewe upewe kibanda bila kupanda. Nimekuja kwako na nepi, na wewe unanifanyia hivi."

Rangi ilimtoka wifi usoni. "Mimi nimsimamishe mtu ana mzigo hewani, makusudi?" akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Baba, mimi? Nimekosa. Nilikuwa natafuta kiuno changu, nikasahau naonekana. Lakini Taratibu kafanya sawa. Ningekuwa mimi, ningesimama vile vile. Msimguse yule kijana."

Nadhani lile neno la mwisho lilimshika fomeni mahali, maana hakupiga tena kelele. Lakini hakulegea pia. "Kesho asubuhi njoo upande. Sitasubiri likizo iishe. Ukifika, umefika. Usipofika, unaanza stoo, na sitaki kusikia tena habari ya winchi." Akashuka, kashika ukuta.

Siku hiyo mama alileta supu, akaitazama, akairudisha jikoni mwenyewe.

Asubuhi tulivuka barabara wote. Mimi nimembeba Mheshimiwa, mama kabeba chupa ya chai ya kumpa nani sijui, kaka, ambaye ni kinyozi, kafunga banda lake kaja na mkasi mfukoni. Vijana wa saiti waliacha kazi wakasimama. Taratibu alikuwa ameshuka, kakaa juu ya mfuko wa saruji, anatazama viatu vyake. Wifi akavaa mkanda mbele za watu, akapitisha mabegani, akapitisha mapajani, akavuta kiunoni. Akatoa pumzi yote. Akavuta tena. Palibaki upana wa kidole.

Fomeni akaanza kutikisa kichwa. Hapo Taratibu, bila hata kuinua macho, akasema, "Si aletewe mkubwa?"

"Mkubwa upi?"

"Huo ni saizi ndogo. Mimi navaa wa kati. Wewe fomeni unavaa ule mkubwa kabisa. Iko mingi tu stoo, imetundikwa."

Nilimtazama wifi, wifi akanitazama. Zile nepi kavu. Ile kamba. Yale machozi kitandani. Wanaume wale wakinenepa huwa wanakwenda stoo wanachukua mkanda mwingine, wanafunga, wanapanda kazini wakipiga miluzi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kudhani mwanamke naye angeweza kufanya hivyo, na mwanamke mwenyewe hakudhani. Nilipandwa na hasira ya kutaka kumrukia mtu, ila sikujua nimrukie nani. Wifi yeye aliinama, mabega yakawa yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa glavu yenye vumbi, akaletewa mkanda wa kati, ukafunga kama mlango wa friji.

Akapanda.

Ile ngazi inakwenda juu ndani ya mnara, wima, haina huruma. Tulimwona anapanda kwa mwendo mmoja, mkono, mguu, mkono, mguu, kofia yake ya njano inazidi kuwa ndogo. Katikati akasimama. Kijana mmoja nyuma yangu akasema amekwisha. Nikageuka nikamwambia amekwisha mama yake. Mama yangu naye kumbe kaweka chini chupa ya chai, kanyoosha mkono juu, kidole kinazungusha, anampandisha mkwe wake kwa ishara. Fomeni akamshika mkono akaushusha. "Mama, tafadhali," akasema, "umenitesa vya kutosha." Mama akazungusha kidole kile kile mfukoni.

Wifi akaendelea. Kilango cha chini ya kibanda kikafunguka, kofia ikaingia, mwili ukaingia, mguu wa mwisho ukaingia. Kaka akaanza kulia waziwazi, kidevu juu. Kisha mkono wa winchi ukajongea. Haukusita, haukufikiri. Ndoano ikashuka, wakafunga furushi la matofali, likapanda, likapita juu ya vichwa vyetu, likatua ghorofa ya juu kama mtu anayeweka kikombe kwenye kisahani. Fomeni akajikuna shingo.

"Haya," akasema. "Watu kazini." Taratibu akapelekwa winchi ya pili, ile mpya iliyokuwa inajengwa upande wa nyuma, na alikwenda mbio.

Tukarudi nyumbani tukipiga kelele ngazi nzima. Mama akatoa keki, muuza maua akaleta maua ambayo hayakuuzika jana, tukala na kusimuliana upya yale tuliyotoka kuyaona. Hakuna aliyemkumbuka Mheshimiwa mpaka alipojikumbusha. Nikampa chupa ya maziwa, akaitema. Nikampa tena, akaitupa. Akafungua kinywa, na wote tukajua kikao kimevunjwa.

Nilivuka barabara naye anahutubia njia nzima. Mpiga ishara akaniona, akatazama yule mtoto, akaongea kwenye redio. Winchi ikaweka mzigo wake chini vizuri, ikatulia. Kisha nikaona miguu inatokea kwenye kilango, wifi anashuka, ngazi kwa ngazi, mpaka chini. Alimchukua mwanawe bila salamu, akaingia ofisi ya fomeni, akakaa kwenye kiti cha fomeni, akanyonyesha. Mwenye ofisi alisimama nje juani na kufunga mlango kwa nyuma yake.

Aliponirudishia Mheshimiwa, kashiba mpaka macho yanapinda, ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Ameshuka. Na mlango wa kibanda uko kule kule juu. Nikamuuliza, wifi, sasa itakuwaje?

"Itakuwaje nini?" akasema, anafunga mkanda. "Wana zege linaganda."

Akaishika ngazi. Nikatazama huku na huku kutafuta wenzangu wa kushangaa nao. Wale vijana walikuwa wanasukuma matoroli. Fomeni alikuwa anagombana na dereva wa lori la mchanga, katupa mgongo. Wifi alipanda, mkono, mguu, mkono, mguu, katikati hakusimama, na hakuna aliyekuwa anamwangalia ila mimi, na mimi nilikuwa namcheulisha mtoto.